Nani Alikwambia Uniponye? Adabu kati ya Mganga na Mpiganaji katika Gemu za Kuigiza

Ukipita jioni kwenye uwanja wa mtaa wetu huku Umoja, kabla taa za barabarani hazijawaka, utakuta watoto wanacheza polisi na wezi, na utasikia ugomvi uleule tuliogombana sisi. Mmoja ananyoosha kidole, anatoa mlio wa bunduki kwa mdomo, anatangaza: "Umekufa!" Mwenzake naye hachelewi: "Sijakufa, umenikosa!" "Nimekupiga kifuani!" "Nina ile vesti ya kuzuia risasi!" Juzi lakini nilisikia mpya. Mtoto mmoja alikuwa amekubali kufa, kajilaza vumbini kwa raha zake, mara kasichana kakaja mbio, kakamgusa bega, kakasema, "Nimekutibu, amka." Maiti ikafungua jicho moja. "Nani alikwambia unitibu?"

Nimecheza mganga katika gemu za mtandaoni kwa miaka minane, na sijasikia swali hilo likiulizwa vizuri zaidi. Wapiganaji wana sheria zao za nani amempiga nani, na wamezizoea. Sisi wa sapoti, yaani wanaotibu, wanaokinga na kubeba majeruhi, tunadhani sheria hizo hazituhusu kwa sababu mikono yetu haina upanga. Hapo ndipo nyuzi zinapoanza kujifunga fundo.

Kwanza tuelewane kuhusu aina ya gemu. Sizungumzii zile za kupiga risasi kwa simu ndani ya matatu, ambapo mwenzako akianguka unakimbia kumwinua na mnaendelea. Nazungumzia gemu za kuigiza, ambazo wenyewe tunaziita RP, kifupi cha role-play. Hizi ni kalongo ya watu wazima. Badala ya kupika ugali wa matope, mnakaa kwenye dunia ya kompyuta, kila mmoja na mhusika wake mwenye jina, kabila, madeni na maumivu ya mgongo, halafu mnaandika anachosema na anachofanya. Hakuna mshindi. Mkipata hadithi nzuri, nyote mmeshinda.

Ugawaji wa kazi una mizizi ya zamani. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani, na aina za wahusika zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Kasisi ndiye babu yetu sote tunaotibu. Miaka minne baadaye, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kutengeneza MUD, dunia ya maandishi matupu iliyochezwa na watu wengi kwa kompyuta, na Richard Bartle akaiendeleza. Kisha gemu za mtandaoni, EverQuest ya 1999 na World of Warcraft ya 2004, zikatuzoesha ule utatu: anayepokea kipigo mbele, anayeua, na anayetibu nyuma. Warcraft ilianza ikiwa na seva zake maalumu za waigizaji, na huko ndiko wengi tulikojifunzia adabu, mara nyingi kwa kuikosea.

Sasa tufungue fundo lenyewe. Kwenye skrini moja kuna vitu vitatu vinavyotokea kwa wakati mmoja. Kuna mashine, inayohesabu nambari. Kuna mhusika, ambaye ana mwili wa kubuni. Na kuna mchezaji, mtu wa nyama na damu, aliyekaa Kasarani na kikombe cha chai. Karibu kila ugomvi niliouona kati ya mganga na mpiganaji ulitokana na mmoja kuzungumza na mashine huku mwenzake anazungumza na mhusika.

Mashine ina adabu yake, na ni rahisi. Katika Warcraft, kumtibu mtu kunamchokoza adui: kila pointi ya uhai unayorudisha inahesabiwa kama nusu pointi ya uchokozi. Ukianza kutibu kabla aliye mbele hajawashika wale majini vizuri, watamwacha na kuja kwako mbio, nawe umevaa kanzu. Kwa hiyo mganga anasubiri, mpiganaji wa mbele naye hakimbilii vita vingine kabla mganga hajavuta pumzi. Ni kama dereva na makanga. Gari haliondoki mpaka mlango ugongwe. Hakuna anayelazimika kumwomba mwenzake ruhusa ya kumrudishia nambari katikati ya vita. Ukiona ule mstari wa uhai umebaki kipande, jaza tu. Nambari hazina heshima ya kuvunjwa.

Mambo yanageuka vita vikiisha na watu wakaanza kuandika. Nambari za mpiganaji zimejaa, mashine inasema yu mzima, lakini hadithi inasema ana mshale kifuani. Mshale huo utatoka lini? Nani anaamua?

Wapiganaji walishalijibu swali hili kwa upande wao. Unaandika jaribio, matokeo anaandika mwenye mwili. Huandiki "nikamkata mkono". Unaandika kwamba umeushusha upanga kuelekea mkono, halafu unanyamaza. Yeye ndiye atakayesema kama umekata, umekwaruza, au umepiga hewa. Anayeandika matokeo ya mwili wa mwenzake tunasema anajifanya Mungu, na akirudia mara tatu atabaki akicheza peke yake. Kila mgeni anaambiwa hivyo siku ya kwanza.

Mganga haambiwi. Nani atamkemea mtu kwa wema? Nitawaonyesha nilivyokuwa nikiandika zamani. Mhusika wangu anaitwa Mwarobaini, mama wa makamo mwenye ulimi mkali. Aliyelala chini ni Fumo, mpiganaji wa rafiki yangu.

Mwarobaini anamwekea Fumo mkono kifuani. Mwanga wa kijani unamwingia, jeraha linafunga, Fumo anafungua macho na kutabasamu.

Nilijiona malenga. Hebu hesabu nilichoiba hapo. Jeraha ni la Fumo, nimelifunga. Macho ni yake, nimeyafungua. Na tabasamu! Nani kasema Fumo ni mtu wa kutabasamu? Angeweza kuamka akitukana, akilia, akimwita mkewe aliyekufa. Yote hayo nimeyafuta kwa mistari miwili ya huruma, na kilichobaki kwa mwenye Fumo ni kusema asante. Angenikata mkono bila idhini ningepiga kelele hadi City Hall. Nimemponya bila idhini, nami nasubiri kupigiwa makofi.

Leo naandika hivi:

Mwarobaini anapiga magoti na kupasua shati kuzunguka mshale. Hauvuti. Anaweka vidole viwili shingoni, anatafuta mpigo.

Kisha natoa mikono kwenye kibodi. Naye Fumo akajibu:

Mpigo upo, lakini unachelewa, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Ncha ya mshale ina kulabu. Ukivutwa utatoka na nyama.

Angalia zawadi aliyonipa. Sasa nina kazi. Kulabu ile inanitaka niamue: nisukume mshale utokee mgongoni, nikate, au nimbebe vilevile hadi kambini? Kabla sijaandika zaidi, nikatoka nje ya mhusika. Sisi tunafanya hivyo kwa mabano mawili mawili, ili mtu yeyote ajue kwamba sasa anaongea mchezaji na Mwarobaini amenyamaza:

((Buda, unataka apone leo ama tumbebe?))

((Tumbebe. Nataka achechemee mwezi mzima.))

Mtu mwenye mshale kifuani atachechemea vipi, sikuuliza. Mwili ni wake.

Ukiwahi kukaa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza utakuwa umefundishwa hili: majeruhi mwenye fahamu unamwomba ruhusa kabla ya kumgusa, na aliyezimia anachukuliwa kwamba angekubali kuokolewa. Waganga wengi wa gemu wanabeba nusu ya pili ya somo hilo na kuiingiza kwenye hadithi. Fumo amezimia, basi hana la kusema, acha nimtibu. Lakini aliyezimia ni Fumo. Mwenye Fumo yuko macho kabisa, anasubiri zamu yake ya kuandika, na swali la maneno sita ndani ya mabano linachukua sekunde kumi. Kwenye gemu, hakuna mgonjwa asiyeweza kuulizwa.

Ajabu ni kwamba mashine yenyewe wakati mwingine ina adabu kutuzidi. Katika World of Warcraft na hata Final Fantasy XIV, ukimfufua mwenzako haamki tu. Kwake kinatokea kidirisha kinachomwambia kwamba fulani anataka kukufufua, unakubali? Anaweza kukataa akabaki chini. Waliounda programu huenda walikuwa na sababu zao za kiufundi, mimi nimeichukua kama fundisho. Kwenye Overwatch ya 2016 hakukuwa na kuuliza: Mercy, mganga wa gemu hiyo, angeweza kuinua wenzake kadhaa waliokufa kwa mpigo mmoja, na wachezaji wakajifunza kumficha nyuma ya ukuta mpaka wenzake wafe wa kutosha ndipo atokee. Mwaka 2017 walibadilisha, akawa anainua mmoja mmoja. Ile lakini ni gemu ya mashindano, na huko maiti haina hadithi ya kulinda.

Niliyoyajua hayo sikuyajua kwa kusoma. Kikundi chetu ni cha Wakenya na Watanzania wachache, tunaandika kwa Kiswahili (wa Dar wanatusahihisha ngeli, tunavumilia), lakini seva iko Ulaya. Ukicheza na upanga kutoka Nairobi kidole chako kinachelewa kwa zaidi ya milisekunde 100, na hiyo ni mauti. Kwa maandishi si kitu. Kinachotusumbua ni saa. Tukio likipangwa saa mbili usiku ya Paris, kwetu ni saa nne majira ya baridi yao, na saa tatu wakisogeza mishale mwishoni mwa Machi. Jumapili hiyo ya Machi niliwahi kusahau. Nilimaliza kula kwa utulivu, nikaosha sufuria, nikaingia saa nne kamili nikijiona mtu wa kushika muda. Nimechelewa saa nzima.

Nikakuta askari mzee mmoja, mhusika wa jamaa wa Dar, kalala kwenye daraja, watu kama kumi na tano wamemzunguka kimya. Sikuuliza. Nikaandika mistari sita mizuri kupita yote niliyowahi kuandika: mwanga, dua, machozi ya Mwarobaini yakidondoka juu ya kovu. Mzee akapona. Nikasubiri sifa. Chati ilikaa kimya kwa muda ambao bado nauonea aibu, kisha ikaja:

((Kaka, si ungeuliza kwanza.))

Mzee yule alikuwa amepangiwa kufa. Mwenyewe alikuwa amezungumza na wenzake wiki kadhaa, kapanga nani achukue upanga, nani ampelekee mwanawe habari. Angeweza kuukataa uponyaji wangu, ni haki yake, lakini mbele ya watu kumi na tano angeonekana yeye ndiye anayeharibu shughuli. Ndio ubaya wa wema wa kulazimisha, unamwachia mwenzako kazi ya kuonekana mkorofi. Niliomba radhi ndani ya mabano, tukakubaliana mwanga ulizimika kabla haujafika moyoni, na mzee akafa kama alivyotaka. Mwarobaini tangu siku hiyo ana hofu ya madaraja. Hilo nililiongeza mimi, kama faini.

Mpiganaji naye ana madeni yake, na hapa siwahurumii.

La kwanza ni kukubali kuumia. Kuna wapiganaji ambao kila siku jeraha lao ni mkwaruzo. Jitu limemrusha ukutani, anajipangusa vumbi. Joka limemchoma, koti limeungua kidogo. Huyo hajavunja sheria yoyote, mwili ni wake, lakini amemfungia mganga mlango. Mganga asiye na mgonjwa ni mtu aliyevaa kanzu tu. Na ukishakubali kuumia, usiruke kama mpira mara tu dawa imepakwa. Nimetumia robo saa kukushona, mshono kwa mshono, halafu mstari wako unaofuata unasema umesimama, umechomoa upanga, twendeni. Kesho ukianguka nitakushona kwa sentensi moja, na usiniulize kwa nini.

La pili ni namna ya kuita. Wako wanaoandika "niponye niponye niponye" kama abiria anayedai chenji amekaribia kushuka. Mhusika wako hajui mstari wa uhai ni nini. Anajua kiu, baridi, mguu usiosikia amri. Mwite mganga kwa hayo. Na siku ambayo hamna vita, mtafute mganga kwa jambo lisilo jeraha. Mwarobaini alikaa miaka miwili kambini kabla mtu hajamuuliza alijifunzia wapi kazi yake. Nilikuwa na hadithi nzima ya baba yake tayari, imeota kutu.

Kuna pia suala la ulinzi ambalo watu hulipitia haraka. Mpiganaji anamweka mganga nyuma ya mgongo wake, anaandika kwamba amemvuta, amemficha, amemsukuma pangoni. Nia njema tena. Lakini mwili wa Mwarobaini ni wangu, na huenda leo anataka kuona vita. Jaribu kumvuta, uone kama atakubali kuvutika.

Na mganga anaruhusiwa kukataa kutibu? Ndani ya hadithi, ndiyo, tena hadithi nyingi tamu zimezaliwa hapo: mganga aliyeapa, mganga mwenye kinyongo, mganga aliyeishiwa nguvu. Nje ya hadithi, kumnyima mtu tiba kwa sababu mligombana kwenye kundi la WhatsApp ni utoto. Kuishiwa nguvu hasa nakupendekeza. Mganga anayetibu kila kitu, kila siku, bila jasho, anafanya majeraha ya wote yawe bure, na punde hakuna anayeogopa chochote.

Kwenye seva za mjini, zile zilizojengwa juu ya gemu ya Grand Theft Auto V kwa programu ya FiveM, mganga amevaa sare ya ambulensi na mambo ni ya kasi zaidi. Rockstar, wenye Grand Theft Auto, waliinunua timu iliyotengeneza FiveM mwaka 2023, ila adabu hii ilikuwepo zamani. Kuna amri mbili za kibodi zinazofanya kazi ya yale niliyoeleza. Kwa /me unaandika unachofanya, kwa /do unaeleza hali ilivyo au unaiuliza. Kwa hiyo mhudumu anaandika /me anakagua mguu, kisha /do mfupa umetokeza? Majeruhi anajibu kwa /do, na hapo uongo ni mwiko, kwa sababu hilo si jibu la mhusika, ni ukweli wa dunia yenu. Mhudumu hakimbilii katikati ya risasi. Anasubiri pembeni kama ambulensi ya kweli ingesubiri. Seva nyingi pia zinasema ukifa na kuamkia hospitali, umesahau nani alikuua, kwa hiyo usirudi na bastola.

Kosa la Kinairobi kwenye seva hizo ni simu. Jamaa ameanguka karibu na daraja, mhusika wake hana fahamu, hana redio, lakini mwenyewe anatuma ujumbe kwa kundi: "Niko chini, kuja." Dakika mbili ambulensi hiyo hapo. Nani alimpigia? Mhudumu aliyepata habari kwa njia hiyo anatakiwa aisahau, awaache majambazi wamalize hadithi yao. Ni vigumu rafiki yako akiwa ndiye anayelia sikioni, najua.

Jambo la mwisho linahusu watu zaidi kuliko wahusika. Watu wengi wanadhani anayecheza mganga ni mwanamke. Mimi nina ndevu, lakini kwa sababu ya Mwarobaini nimeitwa siste, mrembo, na mambo mengine ambayo sitayaandika hapa. Mpiganaji anaweza kumpenda aliyemshona. Hadithi za aina hiyo ni za zamani kuliko kompyuta. Lakini Mwarobaini akimshika Fumo mkono usiku kucha, hajakupa wewe namba ya simu. Wanawake ninaocheza nao wanaletewa hayo kila wiki, na wawili waliacha kutibu kabisa wakachukua shoka. Kama mapenzi yanakuja kwenye hadithi, mabano yapo. Uliza, na ukiambiwa hapana, Fumo apone mapema.

Kisha kuna stima. Hakuna kitabu cha adabu kilichoandikwa huko ng'ambo kinachomfikiria mganga ambaye taa zimezima na kisu kikiwa ndani ya mgonjwa. Kwetu tumekubaliana kwamba mtu akitoweka ghafla, hakuna anayemwamulia. Mgonjwa hafi, hapoi, hachukuliwi na mganga mwingine mpaka mwenyewe ajulikane yuko wapi. Usiku ule wa mshale wa kulabu tulipofika kambini, nilikuwa nimeanza kuusukuma utokee nyuma ndipo mtaa mzima ukaingia giza. Simu ilikuwa na asilimia tatu, bando limeisha. Stima ilirudi kesho yake jioni. Nilipoingia nilikuta Fumo amelala palepale kwenye mkeka, mbele yake mstari mmoja ulioandikwa muda mfupi kabla:

Bado napumua. Mama, umekwenda kuchemsha maji au kuchimba kisima?